Barua ya Wazi: Ondoeni Uchunguzi wa Vifo Mikononi mwa Polisi

Kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Waziri wa Usalama wa Ndani,
na Wabunge wa Kamati ya Bajeti ya Bunge la Kitaifa,
Nairobi.

Mombasa, Julai 2025

Waheshimiwa,

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo. Nia yake haikuwa ngumu kueleweka. Mtu akifa ghafla kwa namna isiyoelezeka, akiuawa, au akifia kizuizini, atakayetafuta sababu ya kifo chake awe ofisa anayejitegemea, asiyetoka katika polisi. Sheria ikaunda cheo cha Mchunguzi Mkuu wa Vifo na maofisa wa chini yake. Miaka minane imepita tangu wino ule ukauke. Marais wawili wamekaa Ikulu, bajeti zimesomwa mwaka baada ya mwaka, na mpaka leo ofisi hiyo haina mlango wa kubisha. Mtu akifa usiku huu katika seli yoyote ya nchi hii, atakayeandika ya kwanza kuhusu kifo chake ni polisi.

Mwezi uliopita tuliona maana ya jambo hilo. Jumamosi tarehe 7 Juni, mwalimu na bloga Albert Ojwang' alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alisafirishwa mpaka Nairobi, akaandikishwa Kituo Kikuu cha Polisi usiku. Baba yake akafunga safari kumfuata akiwa na hatimiliki ya shamba, ili aiweke kama dhamana mwanawe aachiliwe. Alipofika, mwanawe alikuwa amekwisha kufa. Polisi nao walikuwa na maelezo tayari: alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Siku mbili baadaye mwanapatholojia wa serikali, Daktari Bernard Midia, alieleza walichokikuta mwilini: majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na majeraha mengine mwili mzima, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia. Inspekta Jenerali akaenda mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza.

Maofisa kadhaa wameshtakiwa kwa mauaji na kesi iko mahakamani. Sitaki kuihukumu kabla ya jaji. Ninachotaka mkitazame ni ile taarifa ya kwanza. Ilitolewa na watu waliokuwa na mwili wa marehemu, funguo za seli, kitabu cha matukio cha kituo (OB) na kamera za kituo. Wenye maswali ya kujibu ndio walioachiwa kuandika majibu. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekewa nyani, na Bunge likasikia likatunga sheria. Serikali ndiyo iliyokataa kuitekeleza.

Najua mtasema kwamba kisa hiki ni ushahidi kuwa mfumo unafanya kazi, kwa kuwa ukweli ulijulikana kwa siku mbili. Ulijulikana kwa sababu nchi nzima ilikuwa ikitazama. Vijana walikuwa barabarani, maseneta wameitana, na familia ilikuwa na daktari wake ndani ya chumba cha upasuaji. Ondoeni hayo yote mbaki na kijana wa Likoni au wa Dandora asiye na wafuasi mtandaoni, ambaye baba yake hana nauli ya Nairobi. Kwa huyo, taarifa ya kwanza huwa ndiyo ya mwisho.

Mfuateni kijana huyo hatua kwa hatua. Mwili wake huokotwa na polisi, hubebwa kwa gari la polisi, na huandikishwa mochari na polisi. Ukikosekana utambulisho mfukoni, au ukiondolewa, daftarini huandikwa "mwanamume Mwafrika asiyejulikana", na familia inaweza kuzunguka vituoni na hospitalini kwa majuma huku mtu wao amelala kwenye droo yenye namba. Siku ya upasuaji daktari hawezi kuanza mpaka ofisa mpelelezi awepo na fomu yake. Fomu ile ni ya polisi. Sehemu ya juu, inayosema mwili ulipatikana wapi na katika hali gani, hujazwa na ofisa huyo, na daktari huisoma kabla hajashika kisu. Kikitakiwa kipimo cha risasi, maabara ya taifa inayopima risasi iko chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambayo nayo ni polisi. Ripoti ikikamilika huingia katika faili ya ofisa yule yule.

Mimi huandamana na familia za huku Pwani zinapofuata miili ya watu wao. Siku moja nilisimama nje ya mochari na mama aliyekuwa akingoja mwanawe afanyiwe upasuaji. Ofisa aliyetakiwa kuja na fomu alikuwa wa kituo ambacho kijana alionekana akiingizwa akiwa mzima. Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ikaisha, adhuhuri ikaadhiniwa, simu ya ofisa inaita haipokelewi. Kaburi limekwisha chimbwa, sanda imenunuliwa, wanaume wamekaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini hawasemi neno. Alasiri ilipopita, ofisa akaja. Alimwambia mama yule, tena kwa sauti ya upole, kwamba daktari ameshaondoka na kazi itangoja mpaka Jumatatu. Au atie saini hapa, kwamba familia haihitaji upasuaji, akabidhiwe mwili sasa hivi wamzike kabla ya magharibi. Mama alitia saini kwa mkono unaotetemeka. Alikuwa akichagua baina ya haki ya mwanawe hapa duniani na heshima ya maiti yake, na hakuna mzazi anayestahili kuwekwa mbele ya uchaguzi kama huo. Karatasi ile ndiyo iliyoifunga kesi.

Jambo hili hamlisikii sana Nairobi, lakini sisi wa Pwani na wenzetu wa Kaskazini Mashariki tunalijua. Dini yetu inatuhimiza tumzike maiti haraka. Anayetaka kuficha sababu ya kifo hahitaji kutuzuia tusiitafute, anahitaji kutuchelewesha tu, na sisi wenyewe tutauzika ushahidi kwa mikono yetu. Mchunguzi wa vifo anayejitegemea angekuwa na zamu ya Jumamosi na Jumapili, na ya usiku pia. Huko Uingereza, baadhi ya wachunguzi wa vifo huruhusu mwili upigwe picha za skani badala ya kupasuliwa, hasa kwa ajili ya familia za Kiislamu na za Kiyahudi, na picha zikitosha kueleza kilichoua, mwili hukabidhiwa bila kuguswa na kisu. Utaratibu kama huo hauwezi kuzaliwa ndani ya kituo cha polisi. Unahitaji ofisi ambayo kazi yake ni kifo, inayozungumza na masheikh, mapadri na wazee wa jamii kabla ya msiba kutokea.

Mtasema pia kwamba sheria tayari inamtaka hakimu afanye uchunguzi mtu anapofia mikononi mwa polisi au gerezani. Ni kweli, kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema hivyo. Lakini hakimu hana wapelelezi, hana gari, wala hawezi kwenda kuangalia damu ukutani kabla haijapakwa rangi. Hungoja faili, na faili huletwa na polisi. Mtoto Samantha Pendo wa Nyalenda, Kisumu, alikuwa na umri wa miezi 6 alipopigwa kichwani polisi walipovamia nyumba za watu usiku baada ya uchaguzi wa Agosti 2017. Hakimu wa Kisumu alifanya kazi yake kwa ujasiri, na Februari 2019 akatamka kwamba polisi walihusika. Mashtaka yakaidhinishwa Oktoba 2022. Miaka mitano, kwa kifo ambacho wazazi wake walikishuhudia kwa macho yao. Kumbukeni pia kwamba alipigwa kiasi cha miezi miwili tu baada ya sheria ninayoizungumzia kutiwa saini. Ofisi ile ingefunguliwa kwa wakati, kifo chake kingekuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa.

Ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, Benson na Emmanuel Ndwiga, walikamatwa tarehe 1 Agosti 2021 kwa kukiuka kafyu. Wazazi wao waliwapata mochari. Polisi wakasema waliruka kutoka kwenye gari likiwa mwendoni. Yalipoonekana majeraha ya vichwa vyao watu wa Embu walifurika barabarani, na ndipo mambo yakaanza kusogea. Ukiweka taarifa hiyo kando ya ile ya seli ya Nairobi, utaona mtindo mmoja: marehemu ndiye aliyejiua. Ni maelezo mepesi kwa sababu anayeyapinga hawezi kusema tena, isipokuwa kwa mwili wake, na mwili wake uko mikononi mwa anayeyatoa.

Hata pale ambapo polisi hawana hatia, mpango huu unawaumiza. Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa ndani ya magunia katika shimo la taka la Kware, Mukuru kwa Njenga, mwendo mfupi tu kutoka kituo cha polisi. DCI ikamkamata mshukiwa, ikasema amekiri kuua wanawake 42. Mwezi uliofuata mtu huyo akatoroka kutoka seli za kituo cha Gigiri. Tangu hapo ukizungumza na mkazi yeyote wa Mukuru kuhusu miili ile, hakuna anachokiamini: wala kukiri, wala idadi, wala kutoroka. Huenda polisi walisema kweli tupu. Hatuna mtu wa tatu wa kutuhakikishia. Ofisa mwadilifu ambaye mahabusu wake amekufa kwa maradhi ya moyo anakihitaji cheti cha mtu huru kuliko mtu mwingine yeyote, maana cheti kilichotoka kwa wenzake hakimsafishi.

Na msidhani nazungumzia risasi na seli peke yake. Sisi wa Pwani tuna msitu wa Shakahola. Machi 2023 mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge mpaka kufa, alikamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa msituni, mpaka miili ikapita 400. Mochari ya Malindi ilijaa, miili ikawekwa katika makontena ya baridi. Familia zilitoa sampuli za vinasaba zikangoja karibu mwaka mzima, na miili ya kwanza ikakabidhiwa mwisho wa Machi 2024. Kuna waliozeeka katika ule mwaka mmoja. Mchunguzi wa vifo haulizi kwanza kama kuna wa kushtakiwa. Anauliza watoto hawa wamekufa kwa nini, nani mwingine anakufa hivyo, na wako wapi. Kama palikuwa na siku moja ambayo maswali hayo yangeokoa roho, ni siku ile waliposikika watoto wawili. Kazi ya polisi ni kumpata mkosaji. Kazi ya kuueleza umma kwa nini watu wake wanafa ni kazi nyingine, na hatujampa mtu.

Wapo watakaoniambia Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ipo. Naiheshimu, na bila wapelelezi wake kesi nyingi nilizozitaja zisingefika mahakamani. Lakini mamlaka hiyo husimamia mwenendo wa polisi, haisimamii vifo. Haina mochari wala madaktari wa kufanya upasuaji. Mara nyingi hupata habari baada ya chumba kudekiwa, kwa kuwa anayetakiwa kuipa habari ni polisi mwenyewe. Mgonjwa aliyefia katika kituo cha kurekebisha tabia, mfungwa aliyefia mikononi mwa wafungwa wenzake, mfanyakazi wa nyumbani aliyeanguka kutoka ghorofa ya saba, hao IPOA haiwahusu.

Wala msifikiri haya ni maradhi ya Kenya peke yake. Katika jimbo la California, Marekani, lenye kaunti 58, karibu 48 zimekuwa zikimwachia sherifu awe pia mchunguzi wa vifo, pamoja na vifo vinavyotokea katika jela anazoziendesha mwenyewe. Desemba 2017, miezi sita baada ya sheria yetu kutiwa saini, Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyepata sifa duniani kwa kugundua maradhi ya ubongo ya wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, alijiuzulu kazi yake katika kaunti ya San Joaquin pamoja na daktari mwenzake. Walimlaumu sherifu kwa kuingilia maamuzi yao kuhusu watu waliokufa wakishikwa na maofisa wa usalama. Sherifu alikana. Mwaka uliofuata, 2018, wabunge wa jimbo walipitisha mswada wa kuzitenganisha kazi hizo katika kaunti kubwa, gavana akaukataa. Lakini baraza la San Joaquin halikungoja jimbo. Aprili 2018, miezi minne tu baada ya madaktari kuondoka, lilipiga kura kumvua sherifu kazi hiyo na kuanzisha ofisi ya daktari mchunguzi anayejitegemea. Wao hawakuwa na sheria ya kuwalazimisha, wakaamua kwa miezi minne. Sisi tuna sheria mkononi, na huu ni mwaka wa nane.

Juu ya hayo, mwezi huu umetuongezea makaburi. Jioni ya maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, polisi walitangaza vifo 11. Siku ya pili Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatangaza 31. Kati ya 11 na 31 kuna Wakenya 20, na hatuna ofisi hata moja ya kutuambia kwa mamlaka walikufa wapi na kwa nini. Mmoja wa waliokufa siku ile ni msichana wa miaka 12 wa Ndumberi, Kiambu, aliyefikiwa na risasi akiwa nyumbani kwao. Siku mbili baadaye Rais alisema hadharani kwamba anayeharibu biashara za watu apigwe risasi mguuni. Nauliza kwa uchungu: risasi ikilenga mguu ikapiga mgongo, nani atakayeiandika kama ilivyopiga? Waziri, maofisa wako ndio watakaojaza ile fomu.

Najua jibu la fedha litakuja, kwa sababu ndilo hutolewa kila mara. Wanapatholojia ni wachache, kaunti nyingi hazina hata mmoja, na kuwasomesha kunachukua miaka. Basi anzeni na kilichopo. Madaktari wanaofanya upasuaji huu leo tayari wanalipwa na serikali, mochari ziko katika hospitali za kaunti, mahakimu wapo. Kinachokosekana ni nani anamwajibikia nani. Kumhamisha mwanapatholojia kutoka kwenye ratiba ya ofisa mpelelezi na kumweka chini ya Mchunguzi Mkuu wa Vifo hakuhitaji jengo jipya. Halafu hesabuni pia gharama ya kutofanya: tume za uchunguzi, fidia zinazoamriwa na mahakama, biashara zinazofungwa kila mwili unapotoka kituoni.

Ninachowaomba kinajulikana na kinaweza kuanza mwezi huu. Mwanasheria Mkuu, wewe ni mshauri wa serikali kuhusu sheria, na hii ni sheria inayovunjwa na serikali kwa kunyamaziwa. Anzisha mchakato wa kumteua Mchunguzi Mkuu wa Vifo, waombaji wahojiwe hadharani kama tunavyowahoji majaji. Wabunge, katika bajeti ya nyongeza tengeni fungu lenye jina la ofisi hiyo, lisifichwe ndani ya fungu la polisi wala la wizara ya usalama, kwa kuwa anayelipwa na polisi atawaogopa polisi. Waziri, wakati tunangoja, toa agizo kwamba mtu anapofia kizuizini kituo kilichokuwa kimemshika kisiguse mwili wala seli mpaka IPOA na daktari wafike, kwamba taarifa ya sababu ya kifo isitolewe na polisi kabla ya upasuaji, na kwamba familia isiwekewe mbele karatasi ya kukataa upasuaji na ofisa wa kituo hicho. Agizo hilo halihitaji shilingi moja.

Mtakapojibu, jibuni katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa jina la aliyeteuliwa na tarehe atakayoanza kazi.

Wenu,
Mkazi wa Likoni, Mombasa